Uzi: Alama ninazozipoteza kabla ya kuachia mshale, yaani mashindano ya upinde msituni na maandalizi yetu hapa Nairobi

Kigingi Samawati (mwanzilishi wa uzi)

Wanajukwaa wenzangu, salaam.

Nimekuwa mwanachama wa klabu ndogo ya upinde hapa Nairobi kwa miaka minne, na muda wote huo nimefanya mazoezi katika uwanja tambarare, ambapo shabaha husimama mahali pale pale kila Jumamosi, na mtu akishajua pa kuelekeza ncha ya mshale kwa mita 30 hana haja ya kuuliza tena. Mwezi uliopita nilishiriki kwa mara ya kwanza shindano la kirafiki la msituni, la siku mbili, katika shamba la mtu binafsi lenye mikaratusi na miti ya kiasili upande wa Limuru. Siku ya kwanza umbali haukuandikwa kwenye vigingi vinavyoonyesha mahali pa kusimama, nikapata alama 171 kati ya 432. Siku ya pili umbali uliandikwa, shabaha kubwa zikasogezwa mbali zaidi, nami nikapata 219. Nimeanzisha uzi huu kwa sababu ya tofauti hiyo ya alama 48, ambayo haijanitoka akilini tangu siku ile.

Kwa wale ambao hawajawahi kuuona mchezo huu, nitaeleza kwa ufupi. Njia hupita msituni, na juu yake hupangwa shabaha 24, nyingine bondeni, nyingine mlimani, nyingine katikati ya vichaka. Walengaji hutembea kwa makundi ya watu watatu au wanne, na kila mmoja hutupa mishale 3 kwa kila shabaha, hivyo kwa siku moja huwa ametupa mishale 72. Uso wa shabaha una kiini cha manjano na miduara myeusi kandokando. Alama ni 6 katikati kabisa, kisha 5, 4, 3, 2 na 1, na mshale unaogusa mstari hupewa alama ya juu. Nyuso zina ukubwa wa aina nne, wenye kipenyo cha sentimita 20, 40, 60 na 80. Wanaotumia upinde mtupu, usio na kifaa cha kulengea wala fimbo za kusawazisha, husimama kwenye kigingi cha samawati, ilhali wenye pinde za kifaa cha kulengea husimama kwenye kigingi chekundu, kilicho mbali zaidi. Mimi ni wa upinde mtupu.

Nimekaa na karatasi nikapiga hesabu. Tuseme mshale unaondoka kwa kasi ya mita 60 kwa sekunde, tena tusihesabu msuguano wa hewa. Nikidhani shabaha iko mita 43 na kumbe iko mita 40, mshale utapiga juu kwa takriban sentimita 16. Kwenye uso wa sentimita 80, hapo ndipo mpaka wa duara la 4 ulipo. Maana yake ni kwamba hata ningeachia upote, yaani kamba ya upinde, kwa usafi kuliko siku zote za maisha yangu, mshale ungetua kwenye 4 au 3, na wa pili na wa tatu ungeufuata huohuo iwapo sikubadili makadirio. Alama zangu zilikuwa zimepotea mguu ukiwa bado unakanyaga kigingi, mshale ukiwa bado mkononi.

Ninayo maswali mawili. Kwanza, wenye uzoefu wa msituni hujifunzaje kusoma umbali, ikizingatiwa kwamba sheria zinakataza vifaa vya kupimia, na tena zinakataza kumwambia mwenzako umbali unaoudhania shindano likiwa linaendelea? Pili, je, sisi wa Nairobi tunaweza kufanya mazoezi haya wapi, bila kusubiri mwaliko wa mwenye shamba mara moja kwa mwaka?

Mkufunzi wa Zamani

Ndugu Kigingi, nimefurahi kuona mtu akiuliza kuhusu jicho badala ya kuuliza anunue upinde gani. Vilabu vyetu vingi hutumia saa nyingi kurekebisha kiwiko na bega, mambo ambayo kweli yana maana, lakini sijaona hata klabu moja inayotenga siku ya kufundisha macho.

Anza na yale ambayo sheria zimekwisha kukupa. Katika njia isiyoandikwa umbali, kwa kigingi cha samawati, uso wa sentimita 20 huwekwa kati ya mita 5 na 10, wa 40 kati ya mita 10 na 20, wa 60 kati ya mita 15 na 30, na wa 80 kati ya mita 30 na 45. Ukishatambua ukubwa wa uso, tayari umepunguza shaka yako kwa kiasi kikubwa. Uso wa 80 hauwezi kuwa mita 25, hata jicho likuambie nini. Tena katika shabaha 24 kila ukubwa hujitokeza mara 6, kwa hiyo anayehesabu tangu mwanzo anajua ni zipi zimebaki mbele yake.

Mtego uko kwenye kuzitofautisha. Nyuso za 20 na 40 zinajitambulisha zenyewe, kwa kuwa za 20 hubandikwa 12 kwa pamoja, na za 40 hubandikwa 4 kwa pamoja. Lakini uso wa 60 ulio mita 25 unaonekana machoni sawasawa na uso wa 80 ulio mita 33, na aliyepanga njia anajua hivyo. Ataweka wa 60 mahali penye kivuli, nyuma ya shina kubwa, ili uuone kama ni mkubwa na uko mbali. Ukiingia katika mtego huo, makosa yako si ya mita 3, ni ya mita 8, na mshale utapita juu ya kiini kwa zaidi ya robo mita. Darubini inaruhusiwa, itumie. Usitazame kiini, tazama matundu ya mishale iliyotangulia, nyuzi za nyasi za robota lililoshikilia karatasi, majani ya mmea ulio mguuni pa shabaha. Tundu la mshale halibadiliki ukubwa, na hilo ndilo litakalokuambia ukweli.

Kuhusu kusoma ardhi yenyewe, njia niliyofundishwa ni ya kugawa nusu. Tafuta kwa macho mahali palipo katikati yako na shabaha, ukadirie nusu hiyo, kisha uizidishe kwa mbili. Jicho la binadamu linaijua mita 15 vizuri kuliko mita 35. Lakini njia hii inahitaji uione ardhi yote. Pakiwa na bonde katikati usiloliona chini yake, shabaha huonekana karibu kuliko ilivyo. Mkiwa kwenye kichochoro cha miti, penye giza pande zote, huonekana mbali kuliko ilivyo. Nimeona walengaji wazuri sana wakidanganywa na hali hizo mbili kwa siku moja, kwanza wakipiga chini, halafu wakijirekebisha kupita kiasi na kupiga juu.

Zoezi lenyewe halihitaji upinde. Ukishuka kwenye matatu, chagua nguzo ya umeme, kadiria umbali wake, kisha hesabu hatua zako ukielekea huko. Pima kwanza hatua yako kwa utepe ili ujue ni sentimita ngapi. Fanya hivyo mara kumi kwa siku kwa miezi miwili, ukiandika ulichodhani na ulichokipata. Utagundua kwamba makosa yako yana tabia, kwamba wewe ni mtu wa kuzidisha au wa kupunguza, na tabia ikishajulikana hurekebishika.

Mwana wa Machakos

Nimesoma kwa makini, lakini naomba kutofautiana kidogo. Babu yangu alikuwa na upinde aliouchonga mwenyewe, na podo la ngozi lililotundikwa juu ya mlango. Sijawahi kumsikia akitaja mita. Alitazama, akavuta, akaachia. Wakamba wote wa rika lake walikuwa hivyo, na Waata wa upande wa Tsavo, waliosifika kwa pinde nzito ambazo mtu wa kawaida hawezi kuzivuta, sidhani kama walikuwa wakihesabu hatua. Je, hatuuharibu mchezo kwa hesabu nyingi, tukaacha ule ujuzi wa mwili tulioukuta nyumbani?

Mkufunzi wa Zamani

Mzee wako alikuwa akihesabu, ndugu yangu, ila hesabu yake aliifanya tangu utotoni, akichunga mbuzi na kurusha mishale ya miti kwa maelfu, mpaka ikahamia mwilini. Tena alikuwa na ruhusa tusiyo nayo: alinyata. Mwindaji hupunguza umbali kwa miguu yake mpaka afike pale ambapo upinde wake haukosei. Mlengaji wa shindano amefungiwa kwenye kigingi, anasimama si zaidi ya mita 1 hivi kando au nyuma yake, na umbali amechaguliwa na mtu mwingine. Ndiyo maana ujuzi wa babu, ambao ninauheshimu sana, hauhamii moja kwa moja.

Hata hivyo kuna tawi la mchezo linalokaribiana zaidi na hayo unayoyasema, nalo ni lile la wanyama wa povu, yaani sanamu za wanyama, ambapo mishale 2 hutupwa kwa kila mnyama na alama ni 11, 10, 8 na 5. Mashindano ya dunia ya tawi hilo yalianza mwaka wa 2003. Hapo wapo wanaoshindana kwa pinde za jadi na mishale ya mbao, bila kifaa chochote. Kwa kuwa nchi yetu ilipiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977, naona ni njia safi ya kuuendeleza mkono wa babu bila kumgusa swala hata mmoja.

Mwana wa Machakos

Nimekuelewa, Mwalimu. Hilo la kunyata sikuwa nimelifikiria.

Bi Mteremko

Naomba kuongeza jambo ambalo mwanzilishi wa uzi hakulitaja, ingawa nina hakika lilimla alama zake. Mimi natumia upinde wa kompaundi, ule wenye magurudumu madogo kwenye ncha zake, na husimama kwenye kigingi chekundu, ambako shabaha isiyoandikwa hufika mita 55 na iliyoandikwa hufika mita 60. Mwanzoni nilidhani kwamba umbali ukishaandikwa kazi imekwisha, kumbe ndipo mteremko unapoanza kudai haki yake.

Mvutano wa dunia huuvuta mshale kwa kufuata umbali wa mlalo, wala haujali urefu wa mstari wa jicho. Shabaha iliyo mita 40 chini ya mteremko wa nyuzi 30 unailenga kana kwamba iko karibu mita 35. Kwenye nyuzi 15 tofauti ni kama mita moja na nusu tu, na wengi huipuuza bila madhara. Lakini kwenye bonde kali la Tigoni au miteremko ya Ngong, asiyejua jambo hili atapita juu ya shabaha, apige juu tena akidhani ameachia vibaya, na mshale wa tatu ataulegeza kwa makusudi, jambo ambalo ni baya kuliko yote.

La pili ni mwili. Tukitazama chini, mkono wa upinde hushuka peke yake na bega la nyuma hubaki juu, mvuto wa upote hufupika, na mshale unaondoka dhaifu. Dawa yake nilifundishwa na dada mmoja mwenye subira nyingi: vuta kwanza kama uko kwenye uwanja tambarare, mabega na mikono vikitengeneza herufi T, kisha inama au nyanyuka kutoka kiunoni bila kuigusa ile T. Mlimani ni vigumu zaidi, kwa sababu tumbo na miguu hukataa. Tafuta mahali pa mguu wa nyuma kabla ya kushika upote, maana ukishavuta hutapata nafasi ya kutafuta. Sheria hukupa dakika 3 kwa mishale 3, muda ambao unatosha kabisa kuchimba kijisehemu cha kusimamia kwa kisigino na bado ukabaki na pumzi.

La tatu, ardhi iliyolalia upande mmoja. Macho huchukua mstari wa mlima kana kwamba ndio mlalo, upinde nao unainama kuufuata, na mishale yote huelekea upande ulioinamia. Upinde wangu una kipima usawa chenye kiputo cha maji. Upinde mtupu hauna. Tumieni mashina ya mikaratusi, kwani mkaratusi husimama wima hata ardhi iweje.

Kigingi Samawati

Bi Mteremko, umenielezea shabaha ya 9 kana kwamba ulikuwepo. Ilikuwa bondeni, nami nilipiga juu mara mbili, na mshale wa tatu niliulegeza kweli. Nilipata sifuri.

Kwa faida ya wanaoanza, nieleze pia jinsi sisi wa upinde mtupu tunavyoubadilisha umbali bila kifaa. Tunashika upote chini ya mshale, na kadiri shabaha ilivyo karibu ndivyo vidole vinavyoshushwa mbali zaidi na mshale, tukihesabu mishono iliyo kwenye kinga ya vidole. Kila umbali una idadi yake ya mishono. Upinde wenyewe ni lazima uweze kupita, ukiwa umefunguliwa upote, ndani ya pete ya sentimita 12.2, na hiyo ndiyo inayotuzuia kuujaza vikorokoro. Kwa hiyo kosa la makadirio kwetu ni kosa la mishono, nami sasa nimeanza kuandika yote mawili katika daftari moja.

Nuru ya Parklands

Kuhusu swali la mahali: je, Karura haifai? Ina takriban hekta 1,041, iko karibu na sote, na ina miti ya kila aina.

Bi Mteremko

Hapana, dada yangu, na ninasema hivyo nikiwa mpenzi mkubwa wa Karura. Msitu ule umebaki kwa sababu watu wa Nairobi, wakiongozwa na Wangari Maathai, waliutetea ulipokuwa ukigawanywa, na leo umejaa wakimbiaji, waendesha baiskeli, watoto na mbega. Mshale unaopita juu ya shabaha unaendelea kwa makumi ya mita, na kichakani hakuna anayeweza kuahidi kwamba hakuna mtu. Mahali pa mchezo huu ni shamba lililofungwa, ambalo mwenyewe ameridhia kwa maandishi, na ambalo mnaweza kuzuia kila njia ya kuingilia siku hiyo. Katika misitu ya umma, hata kufikiria tu kunahitaji kuanza na Huduma ya Misitu, wala si kufika na pinde begani.

Mkufunzi wa Zamani

Naungana na Bi Mteremko kwa nguvu zote, na hapa nitakuwa mkali, mnisamehe. Njia ya msituni hupangwa ili mstari wa shabaha yoyote usikate njia ya kutembea, na kila shabaha iwe na kingo za udongo au mlima nyuma yake. Kundi likipotewa na mshale nyuma ya shabaha, mmoja hubaki amesimama mbele ya uso, au upinde huegemezwa hapo, ili kundi linalofuata lione kwamba kuna watu. Nilihudhuria mazoezi ya klabu moja ambapo jambo hilo halikufanywa, na kijana aliyekuwa akitafuta mshale wake alinyanyuka kutoka kwenye nyasi wakati mwenzake amekwisha kuvuta. Namshukuru Mungu kwamba yule aliyevuta alishusha upinde. Tangu siku hiyo sishiriki mahali ambapo kanuni hiyo haisomwi kwa sauti asubuhi.

Na mishale itapotea. Nyasi ndefu huimeza ikalala chini yake bila kuacha alama. Wahenga walisema mshale kwenda msituni haukupotea, lakini wao hawakununua mishale ya kaboni kutoka ng'ambo. Wekeni manyoya ya rangi kali, andikeni majina kwenye wano, yaani mti wa mshale, kama sheria zinavyotaka, na mje na mishale mingi zaidi ya ile mnayodhani mtahitaji.

Nuru ya Parklands

Asanteni, nimeelewa, na ninalifuta pendekezo langu. Nina swali moja la mwisho. Wengi wetu tulivutiwa na upinde tulipomwona Shehzana Anwar akibeba bendera ya Kenya kule Rio mwaka wa 2016. Je, huu wa msituni ni njia ya kufika huko?

Mkufunzi wa Zamani

Olimpiki ni mita 70, uwanja tambarare, uso wa sentimita 122. Mchezo wa msituni haumo. Una mashindano yake ya dunia tangu mwaka wa 1969, yaliyoanzia Valley Forge nchini Marekani, na umo katika Michezo ya Dunia, ile inayokusanya michezo isiyo ya Olimpiki. Anayeutaka ule wa mita 70 na afanye mazoezi ya mita 70. Lakini nimeona zaidi ya mara moja mtu akirudi kutoka msituni akiwa hatikiswi tena na upepo wala na jua la uwanjani, kwa kuwa amezoea kuamua mwenyewe kabla ya kila mshale.

Kigingi Samawati

Nimerudi na taarifa, wiki tatu baadaye. Nimekadiria umbali mara 210 kwa nguzo, malango, mikaratusi na magari yaliyoegeshwa kati ya nyumbani na kazini. Mwalimu alisema kweli kwamba makosa yana tabia. Chini ya mita 20 nakosea kwa nusu mita tu. Kati ya mita 30 na 45 ninazidisha karibu kila mara, kwa wastani wa mita 3, na asubuhi penye ukungu ninazidisha hata mita 5. Mchana, jua likiwa utosini na ardhi ikiwa na madoa ya mwanga na kivuli, kosa hupungua, jambo ambalo sikulitarajia.

Mwenye shamba la Limuru amekubali, kwa maandishi, tutumie sehemu yake ya juu Jumamosi mbili kila mwezi hadi mvua za masika zitakapoanza. Tutaweka shabaha 12, tatu kwa kila ukubwa, zote zikiwa na mlima nyuma yake. Saa ya kwanza hakuna atakayeruhusiwa kutoa upinde kwenye mfuko. Kila mtu atasimama kwenye kila kigingi, aandike umbali anaoudhania na mteremko anaouona, kisha tutapima kwa utepe na kusahihishana. Bi Mteremko amekubali kufundisha kuinama kutoka kiunoni. Tutaanza saa tatu asubuhi, na ninaomba kila mmoja avae viatu virefu, kwa sababu siafu wa upande ule nimekwisha kukutana nao.

Mwana wa Machakos

Nitakuja. Nitauleta upinde wa babu pia, ingawa sitautumia kwenye njia, ili Mwalimu autazame na kuniambia uzito wake.